Bikoni za 1984 zilizopimwa kwa jua na RTK ya juzi zinapishana hadi mita 4.2. Nani kakosea, jua au satelaiti?

#1 Mwana wa Hombolo
Wakuu, habari za jioni. Tuna shamba la mzee huku Hombolo, Dodoma. Lilipimwa 1984. Mzee anasimulia kwamba wapimaji walikaa siku tatu wakila ugali kwetu, na kila asubuhi walikuwa wanalivizia jua kwa kile chombo cha miguu mitatu. Ramani ipo. Bikoni mbili za mpaka na jirani zipo, ya kusini iko barabarani na ya kaskazini iko korongoni. Kati yake ni mita 590.

Mwezi uliopita tukataka kugawana na ndugu. Kwanza akaja kijana wa mtaani na simu, akaingiza kodinati za kwenye ramani. Simu ikamwambia bikoni ya barabarani inatakiwa iwe ndani ya shamba la watu wengine kabisa, mita 300 na ushee kutoka ilipo. Kikao nusura kivunjike, shangazi akaanza kulia. Ikabidi tutafute mpima mwenye leseni. Akaja na RTK, ile GPS ya wapimaji inayosoma kwa sentimita, akasema bikoni ya barabarani inapishana na ramani kwa mita 1.1 na ya korongoni kwa mita 4.2. Jirani keshapata la kusema.

Kati ya jua la 1984 na satelaiti za leo, nani mwongo?

#2 Popo Mchana
Nakaa siti ya dirishani. Uzi wa ardhi haukosi damu.

#3 Binti Tiodolaiti
Tuanze na hizo mita 300 maana ndizo rahisi. Kijana wa simu hakuibiwa na mtu, kachanganya datamu, yaani mfumo ambao kodinati zinahesabiwa kutoka kwake. Ramani zetu za zamani, Tanzania, Kenya na Uganda, ziko kwenye Arc 1960, ambayo inatumia umbo la dunia la Clarke 1880. Simu inasoma WGS 84, datamu ya GPS. Ukichukua namba za Arc 1960 ukazilisha simu bila kuzibadilisha, nukta inaruka karibu mita 300 kuelekea kaskazini na mita 80 hivi hadi 90 kuelekea magharibi. Mwana wa Hombolo, hebu sema, simu ilimpeleka kaskazini na magharibi kidogo?

#4 Mwana wa Hombolo
Ndiyo! Ilimpeleka kaskazini, akavuka korongo moja dogo. Umejuaje dada?

#5 Binti Tiodolaiti
Kosa hilo nimelikuta mara nyingi kuliko nilivyokuta bikoni zenyewe.

#6 Fundi Antena
Sasa swali linabaki kwenye 1.1 na 4.2. Mimi nalaumu bezi, kile kifaa cha RTK kinachosimama sehemu moja. Wapimaji wengi wa siku hizi wanafika saiti, wanasimamisha bezi popote penye kivuli cha kukaa, wanabonyeza "hapa", kifaa kinajipa kodinati chenyewe. Bezi iliyojipa kodinati hivyo inaweza kuwa nje mita moja hadi tatu, na kila nukta utakayopima na rova, kile kifaa cha kutembea nacho, inabeba kosa lile lile. Kwenye skrini utaona imefiksi, yaani imeshika, sentimita moja na nusu, roho inatulia. Sentimita moja na nusu kutoka kwenye bezi ambayo yenyewe haijui iko wapi.

Muulize mpima wako aliweka bezi kwenye nukta gani.

#7 Chenimani Mstaafu
Salaam. Nimebeba cheni, nimebeba mwavuli wa kukinga jua lisiipige tiodolaiti, kile chombo cha miguu mitatu cha kupima pembe, nimeandika vitabu vya saiti kwa penseli miaka mingi. Naomba niseme neno kuhusu jua, maana naona linasingiziwa.

Unafika saa mbili asubuhi. Tiodolaiti imesawazishwa. Hutazami jua kwa jicho, utapofuka. Unashika karatasi nyeupe nyuma ya kioo cha macho, jua linajichora pale kama sarafu ya mwanga, na nyuzi za darubini zinaonekana juu yake kama unywele. Unagusisha ukingo wa jua kwenye uzi wa wima na wa mlalo, unapiga kelele "sasa!", karani anaandika saa. Unageuza chombo uso wa pili, unarudia na ukingo wa upande mwingine, ili nusu ya upana wa jua, dakika 16 za nyuzi, ijifute. Saa tulikuwa tumeipatanisha na redio, zile pipi sita za mwanzo wa saa. Halafu joto la hewa na mgandamizo, kwa sababu hewa inapinda mwanga.

Ukifanya hivyo seti nne asubuhi na nne alasiri, mwelekeo unaoupata unakosea chini ya nusu dakika. Kwa mita 590, nusu dakika ni sentimita 9. Jua halikupi mita 4. Mita 4 ni ya mtu.

#8 Mwana wa Hombolo
Shikamoo mzee.

#9 Chenimani Mstaafu
Marahaba.

#10 Kijana wa Bando
Swali dogo wakuu. Hii GPS ya simu si inakula bando? Labda kijana wa mtaani bando lilikata ndiyo maana ikampeleka mita 300 😂

#11 Fundi Antena
GPS haili bando. Simu inapokea tu mawimbi, haitumi kitu huko juu. Satelaiti ziko kilomita 20,200 angani, simu yako haina nguvu ya kuzijibu. Bando linaliwa na picha za ramani.

#12 Mtaalamu wa Kijiweni
Tusisahau Marekani wanaweza kuharibu mawimbi makusudi. Wakiamua leo mita 100 zinapotea.

#13 Binti Tiodolaiti
Walikuwa wanafanya hivyo kweli kwa watumiaji wa kiraia, wakaacha Mei 2000. Na hata wakati ule, wapimaji walikwepa kwa kuweka vifaa viwili, kimoja kwenye nukta inayojulikana, kosa likawa linajifuta. Isitoshe sasa hivi kifaa cha kawaida kinasoma GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou kwa pamoja.

#14 Nanyaro wa Kanda
Nimesoma #7 na nakubaliana na mzee kwamba jua halikosei hivyo. Ila jua linakupa kaskazini ya kweli, na ramani ya UTM, ile inayogawa dunia kwa kanda na miraba, ina kaskazini yake ya gridi, yaani ya mistari ya miraba. Hombolo iko karibu kabisa na nyuzi 36 mashariki, ukingoni mwa kanda ya 36, ambayo mstari wake wa kati ni nyuzi 33. Pale kaskazini mbili zinaachana kwa dakika 18. Sasa piga hesabu, mita 590 kwa dakika 18 ni mita 3.1. Toa 1.1 kwenye 4.2, unapata nini?

#15 Popo Mchana
3.1. Jamani. Nywele zimenisimama.

#16 Mwana wa Hombolo
Kwa hiyo wazee wa 1984 walisahau kugeuza kaskazini?

#17 Nanyaro wa Kanda
Ndivyo ninavyosema. Na zile 1.1 ni za bezi ya Fundi Antena. Kesi imekwisha, jirani akanunue soda.

#18 Chenimani Mstaafu
Taratibu kijana. Kugeuza kaskazini ya jua kwenda ya gridi ni hesabu tuliyofundishwa juma la kwanza. Na kitu kingine. Kama travasi, yaani upimaji wa mstari kwa mstari, ilitoka kwenye trigi ya kilimani, ile nguzo ya kudumu yenye kodinati zinazojulikana, tuseme kilomita 2 kutoka pale, kosa la dakika 18 lingekuwa limeshakula mita 10 kabla ya kufika barabarani. Mbona bikoni ya barabarani imepishana mita moja tu?

#19 Nanyaro wa Kanda
Labda barabarani walifika kwa kufunga trigi na trigi, halafu pale wakakosa kuona trigi nyingine kwa sababu ya miti, ndipo wakachukua jua kwa ajili ya mstari wa korongoni. Mzee wa huyu bwana si kasema kila asubuhi walikuwa wanatazama jua palepale shambani.

#20 Chenimani Mstaafu
Hilo linawezekana. Silikubali, lakini linawezekana.

#21 Mwanafunzi wa Nyota
Wakuu naomba kuongeza kisa changu. Chuoni tulipewa zoezi la kupata longitudo kwa nyota. Mimi mjanja nikachukua saa kwenye kifaa cha GPS badala ya redio. Majibu yakanitupa kilomita nane na ushee magharibi. Nikarudia usiku wa pili, yaleyale. Mwalimu akacheka tu. Kumbe nilikuwa nimesoma saa ya GPS yenyewe, ambayo tangu Januari 2017 iko mbele ya saa ya dunia kwa sekunde 18. Hapa kwetu karibu na ikweta sekunde moja ni mita 464 hivi ardhini, zidisha mara 18 uone.

#22 Fundi Antena
😂😂 Wewe ndiye uliyempeleka shangazi wa #1 akalia.

#23 Mtaalamu wa Kijiweni
Mbona hamzungumzii milima? Timazi inavutwa na mlima. Wapimaji wa India walikutana nalo zamani, Himalaya ikavuta timazi wakapishana sekunde 5 kati ya kupima kwa nyota na kupima kwa pembetatu. Dodoma ina milima ya mawe kila kona.

#24 Binti Tiodolaiti
Leo umesema kitu. Ni kweli nyota zinapimwa kwa kufuata timazi, satelaiti hazijali timazi. Ndiyo maana Greenwich, ule mstari wa watalii kupigia picha mguu huku mguu kule, ukisimama na simu haisomi sifuri. Sifuri ya satelaiti iko mita 102 mashariki yake. Wazee wa Greenwich hawakukosea, ila timazi yao ilikuwa imeinama kidogo.

Lakini kwa Hombolo haisaidii. Kwenye mwelekeo, kosa la timazi linazidishwa na tanjenti ya latitudo, na nyuzi 6 kusini tanjenti yake ni 0.105. Hata timazi ikivutwa sekunde 20, mwelekeo unaharibika sekunde 2. Kwenye mita 590 hiyo ni milimita 6. Milima ya mawe iachwe ipumzike.

#25 Mchaga Asiyepanda Mlima
Mkitaja milima mnaniamsha. Kilimanjaro ilipimwa kwa GPS ikawa 5895, sivyo?

#26 Binti Tiodolaiti
Hapana, 5895 ni ya Waingereza wa 1952, kwa pembe na tiodolaiti. Upimaji wa GPS wa 1999 ulitoa 5892.55. Mlima haukufupika, tumebadili rula.

#27 Mchaga Asiyepanda Mlima
Mita mbili na nusu zimeibwa na Wajerumani.

#28 Popo Mchana
Rudini Hombolo jamani, jirani anasubiri.

#29 Fundi Antena
Mwana wa Hombolo, RTK ilifanyika saa ngapi?

#30 Mwana wa Hombolo
Walichelewa kufika, gari lilizama mchangani. Walianza barabarani kama saa kumi jioni, korongoni walifika jua limeshazama, kama saa moja na nusu hivi usiku, tukawamulikia tochi.

#31 Fundi Antena
HAPO. Ukanda wetu huu, baada ya jua kuzama, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme linachafuka, linakuwa kama maji yanayochemka. Mawimbi ya satelaiti yanatetemeka, kifaa kinapoteza hesabu ya mawimbi. Machi na Septemba ndiyo mbaya zaidi, na miaka ambayo jua lenyewe lina madoa mengi ni balaa. Nilishawahi kukaa na rova saa mbili usiku nje ya Morogoro inafiksi, inaachia, inafiksi, inaachia, mbu wananimaliza. Asubuhi saa moja sehemu ileile, sekunde kumi tu.

#32 Nanyaro wa Kanda
Inaachia, sawa. Lakini haikupeleki mita 3 halafu ikakaa kimya. Ikifiksi vibaya utakosa sentimita kadhaa, labda nusu mita, labda mita siku mbaya sana. Na isingeangukia 3.1 ileile ya dakika 18.

#33 Fundi Antena
Watu wameshafiwa na nyumba kwa "isingeangukia". Namba mbili zikifanana siyo lazima ziwe ndugu.

#34 Nahodha Mstaafu wa Pemba
Naona bara mnahangaika. Sisi tulikuwa tunajua majira kwa kilimia bila kodinati. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na usiku, msalaba ukionekana, kusini unaijua kwa zile nyota zake.

#35 Mwanafunzi wa Nyota
Mzee wa Pemba, msalaba unakupa kusini ya kuendeshea jahazi. Ya kuwekea bikoni hapana. Kusini mwa dunia hatuna nyota angavu iliyokaa nchani, na ile ya kaskazini ya Wazungu hapa Dodoma iko chini ya upeo. Ndiyo maana hapa tunapiga jua, na siyo saa sita mchana. Mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba linapita utosini kabisa, darubini unaielekeza juu kama unakunywa uji.

#36 Nahodha Mstaafu wa Pemba
Jahazi langu halijawahi kugonga bikoni.

#37 Nanyaro wa Kanda
Nimekaa nikawaza. Kuna jaribio moja linaweza kuniua au kuniokoa. Mwana wa Hombolo, kule korongoni, bikoni ya zamani iko mashariki au magharibi ya alama aliyoweka mpima wa RTK?

Kama wazee walisahau kugeuza, basi ukipanda kaskazini kwa namba zao kwenye gridi utaangukia magharibi ya bikoni yao. Bikoni itabaki mashariki.

#38 Mwana wa Hombolo
Nimempigia mdogo wangu akaenda na dira ya simu. Bikoni ya zamani iko magharibi ya alama mpya. Ya barabarani nayo hivyohivyo, magharibi.

#39 Chenimani Mstaafu
Haya. Soda ya jirani vipi?

#40 Nanyaro wa Kanda
Nimekufa kwa muda. Lakini hebu subirini. Kama mmoja aligeuza saiti, na mwingine ofisini akageuza tena bila kujua, dakika 18 zinageuka upande wa pili, na bikoni inabaki magharibi kwa 3.1 ileile. Kugeuza mara mbili ni kosa la kawaida kuliko kusahau.

#41 Chenimani Mstaafu
Hilo nimeliona kwa macho. Karani wa saiti anaandika "imesahihishwa" kwa penseli, inafutika mvuani, wa ofisini anasahihisha upya. Sitasema wapi.

#42 Mkulima Asiye na Chombo
Niseme la kishamba. Korongo linakula ardhi. Bikoni karibu na korongo, miaka arobaini, mvua za Dodoma zikija zinakuja zote siku moja. Mnajuaje haikuhama na udongo? Au trekta? Kwetu jirani alikuwa anafunga mbuzi kwenye bikoni, ikalegea, akaja kuichomeka "palepale" kwa kukisia. Palepale yake ilikuwa hatua nne ndani kwetu.

#43 Binti Tiodolaiti
Hili ndilo swali lilipaswa kuwa #2. Bikoni ya asili ikithibitika haijaguswa ina uzito kuliko namba za kwenye karatasi, kwa sababu mpaka ulipandwa ardhini na namba zikaandikwa baadaye. Lakini lazima ithibitike. Angalia zege la chini, angalia kama chuma kimesimama wima, angalia namba iliyogongwa. Na usiing'oe kutazama, sheria ya upimaji, Sura ya 324, haina utani na mtu anayechezea bikoni.

#44 Kijana wa Bando
Kwa hiyo mnaamini mbuzi kuliko satelaiti?

#45 Mkulima Asiye na Chombo
Inategemea mbuzi wa nani.

#46 Mwana wa Hombolo
Wakuu mrejesho. Nimeongea na mpima. Amekiri bezi aliiweka juu ya jiwe kubwa karibu na barabara, kodinati kajipa kifaa, kwa sababu nguzo ya trigi ya kilimani aliikuta imevunjwa, watu wameondoka na chuma. Anasema Jumamosi atarudi asubuhi, ataacha kifaa kimoja kikusanye data saa nne mfululizo halafu akaikokotoe na vituo vya kudumu.

#47 Fundi Antena
Nilisema #6. Naomba mtu anukuu.

#48 Nanyaro wa Kanda
Hiyo inafuta 1.1. Bado 3.1 yangu iko hai. Na aseme vigezo gani anatumia kutoka WGS 84 kurudi Arc 1960, maana vya wastani wa Kenya na Tanzania na vile vya Tanzania peke yake vinapishana mita kadhaa. Akichukua seti moja kwa bezi na nyingine kwa ramani, tutaanza uzi mpya.

#49 Mwana wa Hombolo
Nimemtumia. Jingine, mzee amekumbuka usiku kwamba kulikuwa na bikoni ya tatu katikati ya mstari, chini ya mbuyu uliokatwa. Leo asubuhi tumechimba na mdogo wangu. Sentimita arobaini hivi chini tumekuta zege na chuma kimesimama wima. Hatujakigusa. Juu yake kuna tarakimu mbili, ya tatu imeliwa na kutu. Shangazi amekaa pembeni yake na kiti, hataki mtu apite.

#50 Chenimani Mstaafu
Mfunikeni udongo tena mpaka Jumamosi. Chuma, siyo shangazi. Na mpime kwa futi ya kamba kutoka pale hadi zile mbili, leo leo, mtuandikie namba.